Mshenga wa Viatu Vyeupe

Ukimwona mtu anakuja kwenu peku, suruali imekunjwa hadi magotini, koti zito la baridi mgongoni, mwavuli kwapani na mfuko wa plastiki mkononi, usimfungulie mbwa. Huyo ni Mshenga. Ndani ya mfuko kuna raba zake nyeupe. Atasimama pembeni ya mlango, atakwangua tope kwa kijiti, atajifuta miguu kwa majani, atavaa soksi, atavaa raba, atafunga kamba vizuri, ndipo abishe hodi. Kwa hiyo hata wakati wa mvua kubwa, huku kwetu Kizwite kuku wenyewe wakitembea kwa kuruka madimbwi, Mshenga alikuwa anaingia sebuleni kwa watu kana kwamba ameteremshwa kwa kamba kutoka mawinguni. Mama alikuwa anasema, "Huyu hatembei. Huyu anaruka."

Jina lake lipo, halikosi kuwepo, lakini sijawahi kumsikia mtu akilitumia. Wengine hufanya ushenga mara moja, kwa ajili ya rafiki, wakaacha. Yeye aliufanya kama wengine wanavyofanya useremala. Nyumba ikiwa na binti mkubwa na Mshenga akaonekana mwanzo wa mtaa, mapazia ya majirani yote yanacheza.

Akishaingia hakai kwenye kochi, hata umlazimishe. Anatafuta kigoda kifupi kuliko vyote, anakaa magoti yakigusa kidevu, anaomba maji. Maji yakija anayaweka chini. Anaomba maji tena. Yakija anayaweka pembeni ya yale ya kwanza. Nilimuuliza Mama kwa nini anafanya hivyo, akasema labda ni mila, labda ni wazimu, na kwa mtu wa umri ule huwezi kutofautisha. Baada ya hapo anatoa maneno yake, kila nyumba maneno yaleyale: "Nimetumwa. Ukinifukuza, umefukuza koti tu. Mwenye koti yuko kwao."

Nalipenda hilo neno. Nililiandika humu daftarini siku ileile nilipolisikia, na nimelipigia mstari.

Kipaji chake kilikuwa kulainisha. Yaani, kwa mila yetu, wazazi wa pande mbili hawaongei ana kwa ana mpaka posa ikubaliwe. Kila neno linapita kwa mshenga, na maneno ya wazazi, jamani, yanakuwa na miiba. Kuna mama mmoja mtaani kwetu alimwambia, "Kawaambie kijana wao ana masikio kama punda, na binti yangu hamtaki." Mshenga akavaa raba zake, akaenda kule, akasema, "Wamesema kijana wenu anaonekana msikivu sana, ila binti bado anasoma." Binti mwenyewe alikuwa ameacha shule zamani. Lakini familia zile mpaka leo zinasalimiana kanisani, na hapo ndipo ujue kazi yake.

"Mimi ni daraja," alikuwa anasema. "Daraja halina upande."

"Daraja gani linakula nyama pande zote mbili?" Mama alimjibu siku moja, kwa sababu ni kweli, posa ikifanikiwa alikula kwa waoaji na akala kwa waolewaji, na alikuwa mwembamba kama fimbo ya mwavuli wake. Hatukujua nyama ile inakwenda wapi.

Na kituko kikubwa kuliko vyote: Mshenga mwenyewe hakuwa na mke. Ameozesha nusu ya Sumbawanga, yeye anarudi kwenye chumba kimoja chenye jiko la mkaa na kamba ya kuanikia raba. Watu walimtania, mganga hajigangi. Baba Mkubwa ndiye alikuwa hamwachi kabisa. "Mshenga, na wewe utaoa lini?" Yeye alikuwa na jibu moja tu, na alilitoa akiwa ametulia, bila kucheka:

"Sasa na mimi nimtume nani?"

Watu wanavunjika mbavu. Na mimi nilicheka. Sikujua kwamba lile lilikuwa swali.

Mimi aliniita Redio. Ni kwa sababu siongei. Nikimwamkia mtu mzima shikamoo inatoka kidogo hivi, kama mluzi wa mtu asiye na meno. Darasani mwalimu akiuliza, jibu ninalo, lakini mkono wangu una uzito wa gunia. Humu kwenye daftari napayuka kurasa kwa kurasa, nje ni kimya. Mshenga aliligundua hilo mapema. "Hujambo, Redio? Leo betri zipo?" Natikisa kichwa. "Haya. Siku betri zikiwekwa, mji mzima utasikia."

Sasa niseme habari ya Dada Yusta, kwa sababu bila hiyo mtu hawezi kumjua Mshenga.

Dada Yusta alipendana na Deo, kijana wa bondeni Mtowisa, mkulima wa mpunga, mpole mpaka anatia huruma. Kwao wakamtuma Mshenga. Baba akakubali kuwapokea waje kuposa. Mara ya kwanza hawakuja, mto ulikuwa umejaa. Mara ya pili hawakuja, walikuwa na msiba. Baba ni mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa saa na wa kanuni, hata rozari anaisali kama anakimbizwa na treni. Akatamka mbele yetu sote: "Jumamosi. Wasipofika Jumamosi, mlango nimeufunga, na nisisikie tena jina la Mtowisa kwenye nyumba hii." Dada hakulia. Aliosha vyombo vyote vya nyumba, vilivyo safi na vichafu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi ikapiga radi, sijui kama mliisikia huko mlipo. Mabati yalitetemeka kama yanajaribu kung'oka. Asubuhi kumbikumbi wamejaa mlangoni, mitaro imefurika, na simu ya Deo ikaingia kwa Dada kwa siri: wametoka kwao alfajiri, wamepanda mlima wa Lyamba lya Mfipa, na katikati ya mlima udongo umeporomoka ukafunika barabara. Gari haliwezi kupita. Mama akamfikishia Baba habari.

"Udongo umewaporomokea wao tu?" Baba akasema. Alikuwa amevaa suti tayari. "Kila siku wao. Mto wao, msiba wao, udongo wao."

Hapo hodi ikasikika. Mshenga, raba nyeupe pee. Hata kigoda hakukitafuta.

"Mzee, mimi nimetumwa," akasema, "lakini udongo haukutumwa na mtu. Twende tukauone. Ukikuta barabara kavu, mimi mwenyewe nitaufunga huo mlango, na koti langu nikuachie."

Baba akakubali haraka, nadhani kwa hamu ya kuwakamata katika uongo. Baba Mkubwa akawasha pikapu yake. Mama akasema chakula kimeshapikwa, kama watu wapo kule basi wana njaa, kama hawapo tutakula wenyewe. Akapakia mahotpoti yote nyuma na kunipakia mimi niyashikilie. Dada hakuruhusiwa kwenda, mposwaji haonekani. Alinishika mkono nikiwa tayari juu ya gari. "Angalia kila kitu. Ukirudi unisimulie kila kitu." Kati ya watu wote duniani, alinichagua mimi kwa kusimulia!

Barabara ya kushuka bondeni inaanza vizuri tu, halafu unafika ukingoni, nchi inaisha ghafla, na chini kabisa unaliona Ziwa Rukwa limelala kama sinia. Tulishuka taratibu. Kwenye kona tukakuta foleni: mafuso, kosta, pikipiki, watu wameshuka wanatafuna mahindi. Na mbele yao, Mungu wangu, mlima umekaa barabarani. Udongo mwekundu, miti na mizizi yake, mawe makubwa kama matenki ya maji, na katikati mkondo wa maji ya rangi ya chai ya maziwa unapita juu ya lami, sijui kalavati limekwenda wapi. Ng'ambo kulikuwa na foleni nyingine kama yetu. Na mbele ya foleni ile, wamejipanga wima kwenye matope kama wanapigwa picha: Deo na suti kubwa, baba yake, wazee, kreti za soda, blanketi jipya la zawadi kwa Bibi yetu, na shangazi yake Deo, mjane mnene mwenye sauti, kitenge kimefungwa kiunoni kibondia.

Walikuja! Nilitaka kupiga kelele. Sikupiga, ni mimi.

Nilimtazama Baba. Niliona uso unataka kufurahi, halafu akauzuia. "Muulize," akamwambia Mshenga, "kwao hakuna saa?"

Jamani, umbali ule ulikuwa mdogo. Ukikohoa huku, kule wanasema pole. Kila mtu ng'ambo alisikia. Lakini mila ni mila, wakawa wanatazama ziwa kama hawakusikia. Mshenga akavua raba, akavua soksi, akaziweka kwenye mfuko, akanikabidhi. "Redio, shika uhai wangu." Akafungua mwavuli ingawa mvua ilikuwa imekata, akaanza kuvuka kwa kukanyaga mawe na matawi yaliyopangwa na abiria. Aliteleza mara ya kwanza kabla hata hajafika kwenye maji. Akakaa chini, akainuka kwa heshima zote. Akafika, akapangusa koti, akasema:

"Wanawapa pole ya safari. Wanauliza mmeamka salama?"

Foleni zote mbili zililipuka kwa kicheko. Dereva mmoja wa fuso akapiga honi. "Mzee! Hiyo tafsiri umesomea chuo gani?"

Shangazi akaweka mikono kiunoni. "Mwambie huyo mwenye suti tupo njiani tangu alfajiri, na kama ana haraka aje na sepetu!"

Mshenga akarudi, anateleza, anashikilia mizizi, tope limefika mapajani. "Mzee, wanashukuru kwa uvumilivu wako. Wanasema karibu tushirikiane."

Baba Mkubwa ilimbidi ageukie upande wa pikapu, mabega yanacheza. Baba akabana midomo. "Kuchelewa mara tatu ni dharau. Waambie kabla ya neno lingine lolote, faini. Beberu!"

Mshenga akavuka tena. Sasa kuna watu wanamshangilia kama kwenye mpira. "Wanasema," akatangaza akihema, "kwamba kumbukumbu ya siku hii ingependeza sana ikiwa na mbuzi."

"Mbuzi?" Shangazi akamkatisha. "Mbona nimesikia beberu?"

Abiria wakalala juu ya boneti. Na hapo nikaona kitu ambacho sikukisimulia kwa mtu isipokuwa Dada: Mshenga aliacha kulainisha. Akamtazama yule mama. Halafu akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka, nilifikiri hana meno ya juu, anayo. Shangazi akachukua ncha ya kitenge chake akamfuta tope usoni, jicho moja, jicho la pili, kama anapangusa taa ya chemli. "Haya nenda," akamwambia. "Mwambie beberu atapatikana. Yeye aandae meno."

Mshenga akageuka kurudi kwetu na jibu. Alikuwa katikati kabisa mlima uliponguruma.

Haukuwa mngurumo wa radi. Ulikuwa wa chini zaidi, wa tumboni. Watu wakapiga kelele, madereva wakarudisha magari nyuma, mawe madogo yakaanza kuruka, na ulimi mwingine wa tope ukashuka polepole, polepole hasa, kama uji unaomwagika sufuriani, ukamkuta Mshenga ukampanda hadi kiunoni. Mwavuli ukaenda na maji. Yeye akabaki amesimama pale amechomekwa kama mti wa uzio, anajitahidi kunyanyua mguu, na mguu haupo.

Upande wetu hatukuwa na kitu. Kamba ilikuwa kwao, kwenye gari la dereva mmoja wa fuso. Deo na wazee wao wakaichukua, na hapo wakaanza kubishana waifunge wapi, wairushe vipi, huku mawe yanateremka. Hakuna wa kuwaambia. Wa kuwaambia ndiye alikuwa amekwama. Nilimwona Baba anapanua mdomo, anaufunga, anaupanua. Halafu mwenyekiti wa jumuiya, mtu wa kanuni, akavua koti la suti akalitupa kwenye tope akapiga kelele ambayo nadhani ilifika Mtowisa:

"Kwapani! Mpitishieni kwapani, si shingoni! Fungeni kwenye gari! Vuteni, wakwe zangu! Vuteni!"

Wakavuta. Wanaume, Shangazi, abiria wasiohusika, wote kwenye kamba moja. Na Mshenga, Mungu anisamehe lakini sitasahau, huku anaburutwa, tope mdomoni, akageuza shingo kwetu akapaza sauti:

"Mzee! Umewaita nani?"

"Toka kwanza wewe!"

"Nimesikia umewaita nani?"

"Nimewaita wakwe!" Baba akafoka. "Wakwe zangu! Haya toka hapo, utakufa!"

"Umesikika!" Mshenga akapayuka, na kamba ikamng'oa kama muhogo. "Mashahidi mpo! Amewaita mwenyewe, mimi sijalainisha neno!"

Sijui nieleze vipi kilichofuata. Honi zote zililia. Wanawake wa upande wa pili wakapiga vigelegele, na wa upande wetu, ambao wala hatuwajui, abiria tu wa kosta, wakajibu. Mzee wa kwao akalia. Baba akasimama na shati, mikono juu, na kwa mara ya kwanza akamsalimia baba yake Deo kwa mdomo wake mwenyewe: "Habari za huko?" Na yule akamjibu: "Huku ni tope tu, mkwe!" Kuvuka haikuwezekana tena. Kwa hiyo chakula cha posa ya dada yangu kililiwa na foleni ya upande wetu, madereva na wauza mahindi, nami niliwapakulia wote. Soda za posa zikanywewa na foleni ya kule. Na hotuba za wazee zikatolewa kwa kupokezana juu ya maporomoko, kila upande ukipiga makofi. Na mimi, nikipakua wali, niligundua nacheka kwa sauti. Baba Mkubwa akageuka kuangalia ni nani.

Katapila lilichelewa kuja, kama kawaida yake. Mshenga alibaki upande wa bondeni mpaka barabara ilipofunguliwa. Walimlaza kwa Shangazi. Alirudi amevaa kandambili za kike, amenenepa kidogo. Nilikuwa nimemtunzia mfuko wake. Akaupokea, akachungulia ndani, akaubana kwapani. Na tangu siku hiyo Baba Mkubwa alipomuuliza utaoa lini, alijibu kama zamani, ila alikohoa kwanza.

Dada ameolewa. Mwaka huu, shule zilipofungwa, ikawa zamu yangu kwenda Mtowisa kumsaidia, amejifungua. Siku moja kabla ya safari, mvua inanyesha, hodi. Baba na Mama hawapo. Mshenga, raba nyeupe, nywele nazo zimekuwa nyeupe sasa, koti limemzidi. Nikamwamkia. Akatafuta kigoda, akakaa. Akaomba maji. Akaomba maji. Nikamwambia, kwa sauti yangu ile, kwamba wazazi wametoka.

"Sijaja kwao," akasema. "Redio, betri zipo?"

Nikamtazama. Alikuwa ameibana mikono kati ya magoti kama mtoto aliyeitwa na mwalimu. Mtu aliyeingia nyumba zote za mji huu!

"Watu wote wa kuongea ninawajua," akasema. "Wataongeza chumvi. Wewe hutaongeza. Kamwambie Shangazi yake Deo hivi: yule mtu uliyemfuta macho, mpaka leo anakuona wewe tu. Hivyohivyo. Usilainishe. Na akijibu vibaya, uniletee vibaya."

Nilishuka Lyamba nimebana maneno yale kifuani kama mtu aliyebeba mayai. Pale palipoporomoka wamejenga ukuta wa mawe na kalavati jipya. Nilifika, nikambeba mtoto, jioni nikaenda kwa Shangazi. Nikachagua kigoda kifupi. Nikaomba maji. Nikaomba maji tena, na hapo akaacha kupepeta mchele, akaniangalia.

"Nimetumwa," nikasema. Nilisikia sauti yangu, ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. "Ukinifukuza, umefukuza sweta tu. Mwenye sweta yuko kwao."

Nikasema yote. Shangazi akafunika mdomo na ungo. Nilifikiri analia. Ungo ulikuwa unatetemeka kwa kicheko, punje za mchele zinaruka kila mahali. Halafu akaniambia jibu, nikamwomba alirudie, ili nisikosee.

Nilipopanda kurudi Sumbawanga alikuwa stendi ananisubiri, peku kwenye matope, mfuko mkononi, mwavuli mpya. Hakunisalimia.

"Amesema umechelewa," nikamwambia. "Amesema miaka yote hii barabara ni nzima na wewe hupiti. Kwa hiyo kabla ya neno lingine lolote, faini. Beberu."

"Amesema mbuzi au beberu?"

"Beberu. Sijalainisha."

Halafu akakaa kwenye ngazi ya basi, akatoa raba, akazivaa bila soksi, bila kupangusa miguu, kamba hazijafungwa. Mbele yake kulikuwa na dimbwi pana, na kila mtu stendi alikuwa analizunguka. Mshenga alikatiza katikati yake, viatu vyeupe na vyote, kuelekea mnada wa mifugo.